Masizi ya Tunduma

Kijana aliyekulia kwenye gereji za Tunduma humtambui kwa uso. Mtazame kucha. Nilioga kwa sabuni ya mche, nikasugua kwa mchanga, nikajaribu hata majivu ya jikoni kwa mama, lakini weusi ule ulibaki palepale pembezoni mwa kucha, Krismasi na Pasaka. Shuleni nilichapwa mara mbili kwa uchafu. Sikuwa na la kujitetea, maana sikujua bado kwamba uchafu nao una asili yake, na kwamba asili ya ule wa kwangu inaanzia mbali, mwaka 1890 huko.

Masizi yale hayakuwa ya sufuria. Yalikuwa ya tabo, kile kidude chenye umbo la konokono kinachokaa ubavuni mwa injini ya lori la dizeli. Wapo wanaoandika turbo. Sisi gerejini tulisema tabo, na ndivyo nitakavyoandika. Mjomba wangu alikuwa na gereji bubu, yaani gereji isiyo na kibao wala ukuta: mkaratusi mmoja, benchi, jiti la kuning'inizia injini, boksi la spana, na makatoni chakavu ya kulalia chini ya magari. Kazi niliyopewa mimi, kwa kuwa ndiye niliyekuwa mdogo, ni ile ambayo hakuna fundi mkubwa anayeipenda: kusafisha tabo.

Katika makala hii nataka nikuonyeshe jambo moja tu. Ukichokonoa masizi ya tabo ya lori lililopita Tunduma, unachokonoa historia ya mpaka. Watu wengi hudhani lori linauawa na mlima. Mlima unalichosha, kweli. Lakini kinachojaza masizi ni kusimama, na kusimama kwa malori Tunduma kuna historia yake, yenye tarehe na wahusika.

Tuanze na chombo chenyewe, tusije tukaachana njiani. Injini ya dizeli hula vitu viwili, mafuta na hewa. Mafuta unaweza kuongeza kwa pampu, lakini hewa je? Moshi unaotoka kwenye silinda bado una moto na nguvu. Badala ya kuuacha uende zake kwenye ekzosi, tabo huukamata na kuulazimisha uzungushe gurudumu dogo lenye mapanga. Gurudumu hilo limeunganishwa kwa shafti moja na gurudumu la pili, lililo upande wa hewa safi, nalo huvuta hewa ya nje na kuishindilia kwenye injini. Yaani moshi uliokwisha kustaafu unarudishwa kazini! Kwenye lori kubwa, shafti ile ikichangamka hukaribia mizunguko laki moja kwa dakika. Ndiyo maana ndani ya tabo hakuna kosa dogo.

Wazo hili ni la Mswisi aitwaye Alfred Büchi, aliyepata hataza yake mwaka 1905, mwaka uleule ambao babu zetu wa kusini walianza Vita vya Maji Maji. Kwa miaka mingi lilibaki wazo la meli na injini kubwa. Mwaka 1954 Volvo ya Sweden ikatoa lori la dizeli lenye tabo, na mwaka 1969 jirani zao Scania wakatoa injini ya silinda nane yenye tabo na nguvu za farasi 350. Kwetu sisi chombo hicho kilikuwa na maana kuliko hata kwao. Tunduma iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na huko juu hewa ni nyepesi. Lori lisilo na tabo linafika kwetu likihema kama mzee aliyepanda ngazi. Lenye tabo linajishindilia hewa yake lenyewe na kusonga mbele.

Sasa twende kwenye mpaka.

Kabla ya mpaka kulikuwa na barabara. Miaka ya 1880 Waingereza walianza kukata njia ya kuunganisha Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, wakaiita Stevenson Road, kwa jina la James Stevenson, tajiri aliyetoa fedha. Haikukamilika kama ilivyokusudiwa. Lakini tarehe 1 Julai 1890, Waingereza na Wajerumani walipotia saini mkataba wa kugawana Afrika Mashariki, mstari kati ya maziwa hayo mawili ulipitishwa kwa namna ambayo njia hiyo ibaki upande wa Mwingereza. Wanyamwanga waliokuwa wakilima na kuoana eneo lote lile wakajikuta nusu wako kwa Mjerumani, nusu wako kwa Mwingereza. Hakuna aliyewauliza. Hadi leo mtu wa Tunduma anaweza kunywa chai Tanzania na kunyolewa Zambia, na binamu yake aliye Nakonde ni mgeni kwa karatasi tu.

Kwa hiyo mpaka wetu ulichorwa kwa ajili ya barabara. Kisha ukageuka ukaisimamisha barabara.

Tarehe 11 Novemba 1965 Ian Smith alijitangazia uhuru wa walowezi wa Rhodesia ya Kusini. Zambia, iliyokuwa na mwaka mmoja tu tangu ipate uhuru wake, ilikuwa ikipata mafuta kupitia huko huko kusini. Njia ikafungwa. Ndege za Uingereza na Kanada zikabeba mapipa, lakini nchi hailishwi kwa ndege. Macho yote yakageukia barabara ya vumbi iliyotoka Dar es Salaam, ikapita Morogoro, Iringa na Mbeya, ikafika Tunduma na kuingia Zambia. Mwaka 1966 serikali mbili za Tanzania na Zambia zikaungana na kampuni ya Italia kuunda kampuni ya usafirishaji, Zambia-Tanzania Road Services, na malori ya Fiat yakaletwa na matrela yake. Yalipanda na mapipa ya mafuta, yakashuka na shaba. Wazungu waliibatiza njia ile Mbio za Jehanamu, na safari hii hawakutia chumvi. Masika ilikuwa matope ya magotini. Kiangazi vumbi lilikuwa zito kiasi kwamba dereva hakuona gari lililo mbele yake mpaka alikaribie kuligonga.

Wazee wa Tunduma walionisimulia zama zile hawakutaja masizi hata kidogo. Walitaja matope, springi kukatika, breki kushindwa. Fiat zile zilivuta hewa kwa mapafu yake tu, tabo hazikuwa nazo, na adui wa lori alikuwa ardhi yenyewe.

Adui huyo alishughulikiwa. Bomba la mafuta la TAZAMA, lenye urefu wa kilomita zipatazo 1,700 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, lilifunguliwa mwaka 1968. Lami ikamwagwa barabarani, na kufikia miaka ya mwanzo ya 1970 tulikuwa na barabara ya TANZAM. Kisha likaja jambo kubwa kuliko yote, reli ya TAZARA, kilomita 1,860 mpaka Kapiri Mposhi, iliyojengwa na Wachina pamoja na vijana wetu kuanzia 1970 hadi 1975, na kukabidhiwa rasmi Julai 1976. Reli hiyo nayo inakatiza mpaka hapohapo kwetu. Basi ungedhani hadithi ya malori imeishia hapo.

Haikuishia. Mizigo ya reli, iliyopita tani milioni moja kwa mwaka mwishoni mwa miaka ya 1970, iliporomoka mpaka chini ya tani laki moja mwaka wa fedha 2014/15. Wakati huohuo migodi ya Zambia ilikuwa imebinafsishwa na kufufuka, na Wakongo wa Lubumbashi na Kolwezi walikuwa wakihitaji mafuta, saruji na mashine, na kutoa shaba. Mzigo uliokimbia reli ulipanda wapi? Ulipanda malori. Safari hii yalikuwa Scania, Volvo na wenzao, yote na tabo. Yakatiririka juu ya lami nzuri kwa zaidi ya kilomita 900, yakafika Tunduma, yakasimama.

Ee bwana, yalisimama! Dereva alipaswa kumaliza karatasi za Tanzania, kisha avuke aanze upya karatasi za Zambia. Forodha mbili, ukaguzi mara mbili, mawakala wawili, na mtandao wa kompyuta ulioweza kulala upande wowote. Foleni ilitoka mjini ikafika Chapwa, siku mbaya ikafika Mpemba. Kulala usiku mmoja kwenye foleni kulikuwa bahati. Watu walizoea siku tatu, siku nne.

Foleni haisimami kabisa, hapo ndipo penye uchawi wake. Inasogea hatua kumi, inatulia nusu saa, inasogea tena. Dereva anaogopa kuzima gari asije akachomekewa mbele. Usiku Tunduma kuna baridi kali, anaacha injini iunguruma apate joto. Hivyo injini inakaa sailensa saa nyingi, na hapo ndipo masizi yanapozaliwa. Injini isiyobeba mzigo haipati joto la kutosha, na mafuta hayaungui yakaisha. Moshi unatoka mzito, unyevunyevu. Tabo nayo haizunguki kwa nguvu, kwa hiyo msukumo wake ni mdogo, na oili inayolainisha shafti inaanza kupenya kidogo kidogo kwenye sili. Oili ikikutana na moshi ule inafanya uji mweusi. Lori likipata ruhusa, likapanda kilima na kupata moto, uji ule unakauka na kuwa gome. Foleni nyingine, uji mwingine, gome jingine. Mjomba alikuwa akishika sehemu ya tabo iliyofunguliwa, anakwangua kwa ukucha, anasema: "Huyu mzee wa watu amelala hapa mara nyingi." Wala hakuwa anabahatisha.

Yapo na mengine yanayoongeza masizi, nisije nikamsingizia mpaka peke yake: chujio la hewa lililoziba, nozeli zinazomwaga badala ya kupuliza, mafuta yaliyochakachuliwa. Mnalikumbuka neno hilo? Lilishika kasi kwelikweli mwaka 2010, wakati watu walipokuwa wakichanganya mafuta ya taa kwenye dizeli kwa sababu ya taa yalikuwa na kodi ndogo. Mwaka huo EWURA ikaanza kuyatia mafuta alama maalumu, na mwaka 2011 serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa. Mafuta ya taa hayalainishi kama dizeli, pampu na nozeli zinalika, mpulizo unaharibika. Kwa hiyo hata siasa ya kodi tuliikuta gerejini, imeganda kwenye chuma.

Kusafisha kwenyewe ni kazi ya subira. Kwanza unaacha ipoe, maana upande wa moshi unaweza kupita nyuzi 600. Unatia alama kwa patasi namna vipande vinavyokutana, ili urudishe vilevile. Unaziba matundu ya oili kwa kitambaa safi. Unaloweka magamba ya nje na gurudumu la upande wa moshi kwenye dizeli siku mbili, masizi yalegee yenyewe. Kisha brashi laini, ya plastiki au ya nywele. Hapo mjomba alikuwa mkali kama askari: marufuku bisibisi, marufuku msumari, marufuku brashi ya waya. Panga likikwanguka upande mmoja, gurudumu linapoteza mizani, na kitu kisicho na mizani kikizunguka mara laki moja kwa dakika kinajivunja chenyewe. Mwisho unachezesha shafti kwa kidole kusikia kama imelegea, unadondoshea oili mpya kwenye beringi kabla ya kuwasha. Nilisoma baadaye kwamba kwenye tabo kubwa za meli mafundi hurushia maganda ya karanga ngumu yaliyosagwa, au hata punje za mchele, huku injini ikifanya kazi, zikasugue masizi. Nilipomwambia mjomba alicheka mpaka akakaa chini. Mchele wa Kyela, ule tunaoula kwa kuupimia, mtu aulishe injini?

Na dereva naye alipewa wosia. Ukifika safari, usizime gari papo hapo, liache dakika tatu hadi tano tabo ipoe na oili yake. Lakini usiliache usiku kucha. Dakika tatu ni dawa, saa tatu ni sumu.

Sasa nifike kwenye lile lililonifanya nishike kalamu.

Mwaka 2014 nilikuwa na miaka kumi na saba. Songwe haikuwa mkoa bado, tulihesabiwa Mbeya, mpaka mwaka 2016 tulipopewa mkoa wetu. Jioni moja alikuja mzee mmoja dereva, lori lake liko kwenye foleni, linatoa moshi mweusi na halina nguvu. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba mwanangu, akaomba tabo isafishwe usiku huohuo, maana utingo wake alikuwa amesikia foleni itafunguka alfajiri. Mjomba alifungua tabo, akaloweka, akaniambia: "Hii haitalainika leo. Suguasugua kwa brashi, asubuhi nitaongea naye asubiri." Akaenda kulala.

Saa nane za usiku mzee alikuwa bado amekaa kwenye tairi chakavu, anakohoa. Nilimwonea huruma. Nilijiona pia fundi. Nilichukua bisibisi.

Gome lilitoka vizuri ajabu. Lilipotoka kipande kikubwa nilisikia kama mlio mdogo, ting, nikaona kwenye ncha ya panga moja pengo dogo, dogo kuliko punje ya mtama. Nikalipaka oili. Asubuhi mjomba alipokuta chuma kinang'aa alishangaa, lakini foleni ilikuwa inasogea na mzee alikuwa analia haraka. Tukafunga. Lori likaondoka likipuliza vizuri.

Alirudi siku ya tano kwa basi dogo, tabo iko kwenye kiroba. Ilikuwa imepasuka baada ya Nakonde, kabla ya kufika Isoka. Shafti ilipokatika, oili ikamwagika kwenye njia ya hewa, na injini ya dizeli haichagui, ikaanza kuila oili yake yenyewe. Mzee alizima ufunguo, injini ikaendelea kunguruma, ikapanda, ikapanda. Alikanyaga breki, akatia gia kubwa, akaachia klachi mpaka ikajinyonga. Angechelewa kidogo, na lile trela lilikuwa limebeba mafuta. Alisimulia hayo kwa sauti ya chini, hakutukana. Alimwuliza mjomba swali moja tu: "Nani alisafisha hii?"

Mjomba alilitazama lile panga muda mrefu. Akasema: "Mimi."

Nami nilikuwa nimesimama pale na matambara mkononi. Sikusema kitu. Mjomba aliuza mashine yake ya kuchomelea kulipa sehemu ya hasara. Mzee hakurudi tena njia ile, na sijui kama tajiri wake alimwacha kazini.

Tarehe 5 Oktoba 2019 marais John Magufuli na Edgar Lungu walifungua kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde, ili lori likaguliwe mara moja tu, upande linaoingilia. Nilikuwa miongoni mwa waliopiga makofi, na nilipiga kwa moyo. Miezi saba baadaye, Mei 2020, Zambia ikaufunga mpaka wa Nakonde kwa muda kwa sababu ya korona, na malori yakarudi kujipanga kama zamani. Tangu hapo nimeona siku za foleni fupi na siku za foleni ndefu. Mawe ya mpaka hayajui kama kituo ni kimoja au viwili. Mstari wa 1890 upo palepale, na mizigo bado inapita mlango mmoja.

Vijana wenzangu mnaoandika, tumezoea kuitafuta historia kwa wafalme na marais. Hao wapo, nimewataja humu. Lakini tazameni pia kilichobaki kwenye mikono ya watu wa mtaani kwenu, kisha ulizeni kimetoka wapi na kwa nini hakitoki. Jibu likikugusa wewe mwenyewe usiruke.

Mimi nimechelewa sana kuacha kuruka. Kabla ya kuileta makala hii kwa mhariri nilimpelekea mjomba. Aliacha ufundi siku nyingi, analima kahawa Mbozi. Alikaa nayo wiki nzima, kisha akapiga simu. Akasema alijua tangu asubuhi ile ile, kabla hata hatujafunga, kwa jinsi chuma kilivyong'aa. Nilipotaka kuomba radhi akanikatiza: "Hapo ulipoandika tunaloweka usiku mmoja umekosea. Ni siku mbili. Watu watasoma, watafanya hivyo."

Nimesahihisha.